Koti la Tartani Lawapima Mafundi wa Manyatta

Mitumba ya soko la Kibuye imewapokonya mafundi wa Kisumu kazi ya kushona koti jipya. Mitumba hiyohiyo ndiyo inayowafunza koti linavyoshonwa.

Koti limegeuzwa ndani nje juu ya meza ya mbao, bitana yake ya zambarau ikiangalia mabati. Fundi ameufumua mshono wa kwapa kwa wembe, inchi mbili tu, akaingiza vidole na kupapasa. Upande wa pili wa meza amesimama kijana wa bodaboda anayejiandaa kwa harusi. Koti amelipata Kibuye: sufu nzito ya miraba ya kijani na buluu, na mstari mwembamba mwekundu unaokatiza kila baada ya upana wa kiganja. Kifuani linamkaa vizuri. Kiunoni linapwaya, mabega yamemzidi, na mikono inamfunika vidole.

Lingekuwa koti jeusi la kawaida, ingekuwa kazi ya alasiri moja. Hili fundi amelipima kwa tepu, akaliweka chini, akalipima tena. Mwishowe anamwambia mteja wake ukweli: kiuno kitapunguzwa, mikono itafupishwa, ila mabega hayaguswi. Akiyagusa, mistari ya mkononi haitakutana tena na ya kifuani, na kila atakayehudhuria harusi ataona mkono uliobandikwa.

Kijana hakupendezwa. Amezoea kuona fundi akifumua chochote na kukirudisha.

Katika mtaa wa Manyatta, kutoka upande wa Kondele hadi ndani ya mitaa ya chini, cherehani nyingi hulishwa na nguo zilizokwisha kushonwa mbali. Kazi ya kila siku ni kupunguza, kufupisha, kubadilisha zipu, kuziba palipochanika. Kuchukua kitambaa kizima, kukitandaza, kukichora kwa chaki na kukata koti jipya imebaki kazi ya msimu: harusi, matanga ya mtu mzito, na Januari ya sare za shule. Koti la tartani linapotua mezani, hasa ndipo inapojulikana ni fundi gani bado anaweza kazi hiyo.

Miraba haimfichi fundi

Miraba ya tartani haichapwi juu ya kitambaa. Inafumwa. Nyuzi za mtande na za mshindio hupangwa kwa hesabu moja ya rangi, na kila uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili, kisha chini ya mbili, ukisogea hatua moja kila safari. Ukikisogeza kitambaa karibu na jicho utaona vijistari vya mshazari. Buluu ikikutana na buluu inakolea; ikikutana na kijani zinazaa rangi ya tatu. Katika tartani nyingi, mpangilio ukifika kikomo hugeuka na kurudi ulikotoka, kwa hiyo upande wa kushoto wa mraba ni pacha wa upande wa kulia.

Kwa mvaaji hayo ni mapambo. Kwa fundi ni mtego. Kitambaa cha rangi moja humsitiri: akikata kipande kikaenda upande kwa robo inchi, nani atajua? Kwenye miraba robo inchi inapiga kelele.

Kuna sehemu za koti ambazo mnunuzi hodari huzitazama kabla ya kuuliza bei. Mshono wa katikati ya mgongo: mistari ya kulala ivuke bila kukatika, na mraba usigeuke mwembamba katikati kana kwamba umeliwa. Kifuniko cha mfuko: kikilala, kipotelee ndani ya mistari ya koti. Kola: mistari yake ya kusimama ishuke moja kwa moja hadi mgongoni. Na mkono, ambao ndio mgumu kuliko vyote, kwa sababu ncha yake ya juu ni duara inayoshonwa kwenye tundu lenye duara tofauti. Haiwezekani mistari ikutane kuzunguka bega zima. Fundi mzuri huchagua ikutane mbele, kuanzia katikati ya kifua kushuka, kwa kuwa hapo ndipo macho ya watu hutua.

> Kitambaa cha rangi moja humsitiri fundi. Kwenye miraba robo inchi inapiga kelele.

Ndiyo maana kulipunguza koti la aina hii ni hesabu. Kiuno huchukuliwa kwenye mishono ya ubavuni, chini ya mkono, panapojificha. Mgongo wa kati hauguswi kama kuna njia nyingine. Mikono hufupishwa kutoka chini, kwenye kifundo cha mkono, isipokuwa kama vifungo vya pale vina matundu ya kweli yaliyokatwa. Hapo hakuna jinsi ila kuung'oa mkono begani, na ukishaung'oa na kuupandisha, mistari yote imehama. Makoti ya bei kali kutoka Ulaya ndiyo yenye matundu ya kweli. Mteja hufurahia kuyafungua na kuyafunga. Fundi huyatazama akakunja uso.

Sheria iliyolitaja koti kwa jina

Kitambaa hiki kimepita mengi kabla ya kufungwa kwenye marobota. Katika nyanda za juu za Scotland kilikuwa vazi la watu wa kawaida na la wakuu wao vilevile. Baada ya uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart kuvunjwa kwenye vita vya Culloden, Aprili 1746, bunge la London lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya watu wa nyanda hizo. Haikuishia kwenye sketi ya wanaume, ile inayojulikana kama kilti. Ilitaja pia kuwa kitambaa cha tartani kisitumiwe kushonea makoti. Mwanamume au mvulana aliyekamatwa kwa kosa la kwanza alifungwa miezi sita. La pili, alisafirishwa ng'ambo kwa miaka saba. Wanawake hawakuguswa, wala askari wa vikosi vya mfalme.

Marufuku hiyo iliondolewa 1782. Miaka 40 baadaye, Agosti 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, naye mfalme mwenyewe akavaa tartani. Kiwanda cha Wilsons cha Bannockburn, ambacho tayari kilikuwa kikiuzia jeshi, kilipata soko kubwa la miraba yenye majina ya koo. Vazi la waasi likawa vazi la ikulu.

Wakenya hawana haja ya kwenda Scotland kuona nguo ikigeuka siasa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia ukumbini na suti za Kaunda. Mwanamume anatakiwa aje na koti, shati la kola na tai. Suti ya Kaunda ni nguo ambayo fundi wa mtaani anaimudu vizuri. Haina lapeli ya kukunja wala matabaka ya kifua. Koti la tai ni habari nyingine, na mengi yanayovaliwa nchini yanatoka nje. Spika huenda hakuwa na fundi akilini, ila uamuzi wake ulimgusa.

Mgongo mwembamba, bega lililorudi nyuma

Makoti ya tartani ya karne ya 18 yaliyohifadhiwa Scotland ni machache. Lililo maarufu ni la Sir John Hynde Cotton, mbunge Mwingereza aliyeshonewa suti nzima ya tartani mwaka 1744. Sasa iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Fundi wa leo akielezwa makoti ya zama zile yalivyojengwa, hushangazwa na mambo ambayo mgeni wa kawaida wa makumbusho angeyapita.

La kwanza ni mshono wa bega. Koti la leo lina mshono juu ya bega au karibu nalo. Kwenye la wakati ule mshono ulirudi nyuma, ukashuka mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa kipande chembamba chenye mishono iliyopinda. Tundu la mkono nalo lilikaa nyuma. Mtu akilivaa mabega yake yalivutwa nyuma, kifua kikatokeza. Pedi hazikuwapo, umbo lilitokana na ukataji peke yake.

La pili ni upana wa kitambaa. Mashine ya kufumia ya mkono ilitoa kitambaa cha takriban inchi 25, chini ya nusu ya upana wa sufu inayouzwa leo. Fundi hakuweza kukata kila kipande kizima. Aliunga vipande vidogo mahali pasipoonekana: chini ya mkono, ndani ya pindo. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya mikono, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Mafundi wa Manyatta wanaoshona fulana za watoto kwa mabaki ya sare hawahitaji kufafanuliwa hilo.

La tatu ndilo linalozua ubishi: kukata kwa mshazari. Baadhi ya makoti yale yana vipande vilivyokatwa kwa pembe, miraba ikasimama kama almasi badala ya kulala sawa. Suruali za kubana za tartani nazo zilikatwa hivyo, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka na kufuata mguu. Kwa suruali sababu inaeleweka. Kwa koti, wengine husema ni urembo, wengine ni majivuno, maana ukataji huo unakula kitambaa kingi. Kwa maoni ya mwandishi huyu kuna sababu ya tatu, ambayo fundi yeyote aliyebanwa na muda ataielewa: vipande viwili vikikutana kwa pembe tofauti, hakuna anayetarajia mistari ilingane.

Ndani, makoti hayo yalitiwa bitana ya kitani au sufu nyepesi, na sehemu ya mbele ikakazwa kwa kitambaa kigumu ili vifungo visivute. Kila mshono ulikuwa wa sindano ya mkono. Cherehani ya kutegemewa ilikuja karibu miaka 100 baada ya Culloden.

Vidole ndani ya bitana

Kumbe fundi aliyeingiza vidole kwapani alikuwa akitafuta nini? Tabaka la tatu. Koti lililojengwa kwa njia ya zamani lina kanvasi kati ya kitambaa na bitana, iliyochanganywa na manyoya ya farasi, na imeshikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono. Lapeli hujikunja yenyewe kwa sababu mishono hiyo imeifundisha kujikunja. Ukiikandamiza kwa kidole inarudi.

Koti la bei nafuu halina kanvasi. Lina gamu, kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi. Kazi inakwisha haraka na koti linapendeza dukani. Shida huja baadaye. Gundi huachia, na kifua hufura viputo kama chapati. Kwa pasi ya makaa, ambayo huwezi kuipangia joto, viputo hivyo huja mapema zaidi.

Njia ya kupima ni rahisi. Shika sehemu ya mbele ya koti chini ya tundu la kifungo, vuta kitambaa cha nje upande mmoja na bitana upande wa pili. Ukihisi kitu cha tatu kinateleza katikati, kuna kanvasi. Usipohisi kitu, ni gamu. Pale Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, utawaona wanunuzi wazoefu wakifanya hivyo bila kusema neno wakati robota linafunguliwa. Hao ndio wanaochukua kamera, yaani chaguo la kwanza. Wanaofika saa kumi jioni huambulia fagia, yaani mabaki.

Mafundi kadhaa wa mtaa huu wanasema jambo moja kwa namna mbalimbali: waliijua kanvasi kwa kufumua mitumba, si chuoni. Walifungua koti lililochakaa, wakaona njia ya uzi, wakaifuata. Mwalimu wao hajulikani. Ni fundi fulani wa Leeds au Naples aliyeshona na kwenda zake.

Watu wa nguo

Kusema haki, koti la sufu kando ya Ziwa Victoria ni mateso. Mchana wa Kisumu huwa nyuzi 29 au 30 mara nyingi, na unyevu juu yake. Lakini koti lilifika hapa mapema na halikuondoka. Reli iliufikia mji huu mwaka 1901, ukiitwa Port Florence. Maduka ya Wahindi yakafuata, na kwenye baraza zake mafundi wakakaa na cherehani za kukanyaga. Shule ya misheni ya Maseno ilianza 1906. Wajaluo waliosoma na kuvaa mavazi ya kigeni waliitwa jonanga, watu wa nguo, na jina hilo lilikuwa na sifa na kejeli kwa pamoja. Hadi leo, mwanamume wa Kijaluo anayekwenda kuzika bila koti atasikia shangazi zake wakinong'ona.

Mafundi wamelitafutia joto dawa. Wanatoa bitana ya mgongo na kubakiza ya mabegani na mikononi, koti lipumue lakini liingie mwilini kwa urahisi. Pedi nene wanazing'oa. Mishono iliyobaki wazi ndani wanaizungushia utepe, kwa sababu bitana haipo tena ya kuisitiri. Hiyo ni kazi ya ufundi wa juu, ingawa hulipwa kama kiraka.

Nani akate kitambaa kipya?

Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Wafanyabiashara wa Kibuye na wa Gikomba, Nairobi, hawaoni haya kwa idadi hiyo. Hoja yao inajulikana na ina uzito: robota moja hulisha anayelipakua, anayelichagua, anayelisukuma kwa mkokoteni, mama anayepiga pasi, na fundi anayepunguza. Serikali ilipozuia mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona, hadi Agosti ilipolegeza, mafundi wa kurekebisha nguo walikaa mikono mitupu pamoja na wauzaji.

Wenye viwanda wanahesabu upande mwingine. Kisumu ilikuwa na KICOMI, kiwanda kikubwa cha pamba kilichoporomoka miaka ya 1990, soko likiwa limefunguliwa na mitumba ikimiminika. Rivatex ya Eldoret ilianguka vilevile, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Wakulima wa pamba wa Nyanza, ambao mavuno yao yalikwenda kwenye vinu kama cha Kibos na cha Homa Bay, waligeukia mazao mengine.

Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzifutia nchi hizi nafasi ya kuuza huko bila ushuru chini ya sheria yake ya AGOA. Kenya ilijitoa mapema kwenye mpango wa kuiondoa mitumba. Rwanda ilikaza msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kunufaika na mpango wa AGOA.

> Mitumba ikikatazwa kesho, fundi wa Manyatta atapoteza kazi kabla hajapata kitambaa cha kuanzia nyingine.

Fundi amekaa katikati na haulizwi. Marobota yakizuiwa, kazi ya wiki inakufa. Yakiendelea, kazi ya mwaka haitakuja. Na siku hizi ameongezeka mshindani mwingine: suti mpya za Uturuki na Uchina, zilizobandikwa gamu, ambazo bei yake haizidi sana gharama ya kitambaa na kazi ya fundi. Anayelaumu mitumba peke yake hajatembea katikati ya mji akaangalia madirisha ya maduka.

Kuna pia suala la vyeti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini ufundi wa nguo kwa madaraja, na cheti chake kinaheshimika. Lakini fundi aliyejifunza barazani, anayeweza kulinganisha miraba ya mkono na kifua kwa jicho, mara nyingi hana karatasi. Zabuni ikitangazwa, karatasi ndiyo inayosomwa.

Tartani iliyo mlangoni

Wala si lazima kungoja koti la Scotland. Tartani imejaa barabarani kila asubuhi: sketi za miraba za wasichana wa shule, zenye marinda yanayopaswa kuangukia mstari uleule mmoja baada ya mwingine. Fundi akikosea rinda moja, yote yanayofuata yanahama, na sketi inaonekana imepinda hata ikiwa imeshonwa sawa. Sketi hiyo, pamoja na bleza ya shule, ndiyo kazi kubwa ya miraba na makoti mapya inayoweza kupatikana Manyatta kila mwaka bila kusubiri harusi ya mtu.

Lakini shule nyingi huwaelekeza wazazi kwenye duka moja lililoteuliwa, mara nyingi mjini, na kitambaa chenye mraba wa shule hakiuzwi kwa mita mahali pengine popote. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imewahi kuzionya shule dhidi ya kuwalazimisha wazazi kununua sare kwa muuzaji mmoja. Maduka yaliyoteuliwa hujitetea kuwa rangi zisipotoka sehemu moja zitatofautiana, na hapo wana ukweli: kundi moja la rangi kiwandani halifanani kabisa na jingine. Ila hiyo ni sababu ya kununua kitambaa mahali pamoja. Si sababu ya kukishonea mahali pamoja.

Kamati za wazazi za shule za Kisumu zinaweza kuamua hili kabla ya Januari bila kungoja marais wa Jumuiya wala Washington. Kitambaa kinunuliwe kwa jumla, kitoke kundi moja la rangi, kiuzwe kwa mita shuleni kwa bei iliyobandikwa ukutani, na mzazi apeleke kwa fundi amtakaye. Kwa miraba mikubwa, fundi aruhusiwe kuongezewa robo mita ya kulinganishia. Asipopewa, asilaumiwe mistari ikikataa kukutana. Shule ikague sare iliyokamilika: rinda, kifuniko cha mfuko, mshono wa mgongo. Isiyolingana irudishwe kwa aliyeishona, awe wa dukani au wa kibandani.